Risala ya Walimu wa Watulembu, Pamoja na Habari za Kuku wa Soksi

Mgeni rasmi, Mkuu wa Idara ya Elimu ya wilaya yetu, Bapak Danang Prasetyawan; mkuu wa kijiji; Pak Modin, msimamizi wa mambo ya msikiti wetu; kamati ya wazazi, wazazi, walimu wenzetu, na ninyi wanafunzi mliokaa kwenye mikeka, ambao tumewaona mkiukodolea macho mlima wa wali wa manjano kabla ya wakati wake: assalamu alaikum.

UKARIBISHO

Sisi walimu tisa wa Shule ya Msingi Watulembu tuna furaha kubwa kukupokea katika Siku hii ya Walimu. Tunajua barabara ya kupanda huku haimbembelezi mtu, na tumeambiwa ukungu wa asubuhi ulikufanya upite lango letu mara mbili bila kuliona. Pole sana. Chai ya asumini iliyo mbele yako ina sukari nyingi kwa sababu ndivyo tunavyoinywa. Tempe za soya za kukaanga zimeletwa zikiwa moto, kwa hiyo usisubiri risala iishe.

Kabla ya kuendelea tunaomba radhi kwa jambo moja la uandishi. Kikao cha walimu kilikubaliana kwamba risala isemwe kwa "sisi", na neno "mimi" lisionekane ndani yake. Lakini mengi yaliyomo humu yanamhusu mwalimu mmoja, Bu Lasmiyati wa darasa la pili, na aliyeteuliwa kuiandika na kuisoma ni huyo huyo Bu Lasmiyati. Hivyo utamsikia akijitaja kwa jina, kama mtu anayemsema jirani yake. Tunaomba mtuvumilie.

Mkuu wetu wa shule, Pak Wagiman, amezisoma rasimu tatu za risala hii na kuzirudisha zote. Ya kwanza ilikuwa na kurasa nne, na jina la Mwalimu Galuh halikuwamo hata mara moja.

"Bu," alisema Pak Wagiman, "naona kuna mtu umemsahau."

"Nimewataja wote, Pak."

"Umemtaja hata marehemu mlinzi."

"Yule alikuwa anafanya kazi."

Katika rasimu ya pili Mwalimu Galuh alitajwa mara moja, katikati ya pampu iliyoharibika na choo kipya. Katika ya tatu alitajwa mara mbili, na mara ya pili ilikuwa kwa sababu ya pikipiki yake kumwaga mafuta uani. Hii ni rasimu ya nne. Pak Wagiman hajaiona. Tunamwomba aendelee kukaa hapo alipo na anywe chai yake.

HISTORIA FUPI

Shule yetu ilianzia ndani ya banda la kukatia tumbaku, na wazee waliosoma humo wanakumbuka kwamba walirudi nyumbani wakinuka kama babu zao. Bu Lasmiyati alifika akiwa na miaka ishirini na minane, kwa miguu, na viatu vyake mkononi ili visichafuke kabla ya kuonana na mkuu wa shule wa wakati ule. Mwaka huu ni wa thelathini na moja. Mwishoni mwa Januari anatimiza miaka sitini na anastaafu.

Tangu mwaka wake wa kwanza amekuwa akisimama langoni kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kila mtoto akifika huupokea mkono wake, huugusisha kwenye paji la uso, kisha huingia. Hiyo ndiyo salamu ya mdogo kwa mkubwa katika nchi yetu na hakuna shule isiyoijua. Lakini Bu Lasmiyati huisoma mikono ile. Paji la moto ni homa. Vidole vyenye utomvu mweusi ni mtoto aliyeamshwa alfajiri kusaidia kukata tumbaku, na huyo haulizwi kazi ya nyumbani. Mkono unaotetemeka haujala kitu, na kwenye mfuko wa koti la Bu Lasmiyati huwa kuna kipande cha muhogo. Nusu ya wazazi waliokaa hapa leo waliwahi kukila kipande hicho.

Kwa upande wa Kiingereza, ambacho ndicho kilichokuleta, historia yetu si ndefu. Bu Lasmiyati ndiye aliyekifundisha kwa madarasa ya chini, na njia yake ilikuwa kunakili. Watoto waliandika salamu ya asubuhi mara arobaini, ya mchana mara arobaini, ya jioni mara arobaini. Mwandiko wao ulisifiwa. Miaka tisa iliyopita alikuja mkaguzi, akaingia darasa la pili, akawaambia kwa tabasamu, "Gud moning." Watoto wote ishirini na mbili walifungua madaftari wakaanza kuandika.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, mafanikio yetu yana jina, na baada ya rasimu tatu tumeamua kulitaja. Ni Mwalimu Galuh Pramesti, mwalimu wa muda, aliyekuja Julai ya mwaka jana kutoka mjini Semarang akiwa na miaka ishirini na minne na gunia mgongoni. Alikabidhiwa darasa la kwanza pamoja na Kiingereza. Siku ya kwanza tu watoto walianza kumwita Misi Galuh. Bu Lasmiyati amekuwa "Bu", kama mama mwingine yeyote, kwa miaka thelathini na moja na hakuna aliyewahi kumtafutia jina jingine.

Ndani ya gunia mlikuwa na karatasi, kamba, soksi na makopo ya rangi. Kwenye mlango wa darasa lake alibandika picha nne: mkono unaopunga, ngumi mbili zinazogongana, viwiko viwili, na kipepeo. Mtoto akifika hugusa picha anayoitaka, na Misi Galuh humwamkia kwa namna hiyo, na wote wawili husema "Helo." Anayegusa kipepeo huzungushwa mara moja akiwa amenyoosha mikono. Wengi hugusa kipepeo.

Kuna pia mchezo wa jua la karatasi linalopanda kwa kamba. Likiwa chini watoto husema "gud moning", likiwa juu wanabadili, likishuka upande wa pili wanabadili tena, na mwezi ukitokea husema "gud nait" na kujitupa sakafuni. Kuna mpira wa matambara unaorushwa kwenye duara, na anayeurusha humwamkia anayeudaka kwa jina. Mchezo huu ulikwama wiki nzima, maana watoto wetu hawawezi kumtaja aliyewazidi umri kwa jina tupu, na kila mpira uliporushwa walisimama kwanza kuulizana nani alizaliwa kabla ya nani. Bu Lasmiyati alifurahia wiki ile. Lakini Misi Galuh akawaruhusu waseme "Helo, kaka" na "Helo, dada", na mpira ukaruka tena.

Kubwa kuliko yote ni kuku. Ni soksi ya manjano yenye upanga mwekundu kichwani na macho ya vifungo, anaitwa Blorok, na hulala ndani ya tenga dogo. Watoto humwamsha kwa salamu. Wakianza kwa kunong'ona hasikii. Wakipandisha sauti anajigeuza. Darasa zima likisema pamoja, Blorok anatoa kichwa, anamtazama mtoto mmoja na kumwambia "Helo", na mtoto huyo hujibu na kutaja jina lake.

Tukupe mfano. Tunaye mwanafunzi anaitwa Wulan. Alipokuwa chekechea hapa hapa shuleni, mwaka mzima aliupokea mkono wa Bu Lasmiyati na kuugusisha paji la uso bila kutoa sauti. Hakusema na mwalimu yeyote. Bu Lasmiyati alimsubiri kwa upole, akamwekea muhogo, akamsuka nywele siku za mvua, akaamini kwamba neno la kwanza likitoka litakuwa lake. Neno la kwanza la Wulan shuleni lilikuwa "Helo", na aliyeambiwa alikuwa kuku.

Wiki ile ile mambo ya langoni yakabadilika. Watoto walianza kupita mbio. Mkono wa Bu Lasmiyati ukawa unaguswa kama kitasa, na wengine hawakuugusa kabisa.

"Wulan, mkono," alisema asubuhi moja.

"Nimechelewa, Bu. Leo zamu yangu kumwamsha kuku."

"Kengele bado."

"Kengele ni ya watu, Bu. Kuku anaamka mapema."

Hayo ni maneno mengi kuliko aliyowahi kuyasikia kwa mtoto yule, na hakuna hata moja lililokuwa lake. Alirudi nyumbani amenuna. Mumewe, Pak Tarno, alimtazama akivuruga wali sahanini bila kuula.

"Kuna nini leo?"

"Kuku."

"Wa kwetu?"

"Wa shule."

"Kama anasumbua si mumuuze."

"Ni wa soksi."

Pak Tarno aliweka kijiko chini. "Bu, unaona wivu."

"Mimi? Nimwonee wivu mtoto yule?"

"Mimi sijataja mtoto."

Mgeni rasmi, kumwonea wivu mwalimu kijana ni jambo la kibinadamu, na katika vyumba vya walimu vya wilaya hii tunaamini si geni. Kuionea wivu soksi ni jambo ambalo hata Bu Lasmiyati hakulitegemea. Roho ilimuuma kuanzia asubuhi hadi jioni. Alikuwa akipita nje ya dirisha la darasa la kwanza kwa visingizio: mara chaki, mara ufagio, mara kuangalia kama mvua inakuja. Alipita mara nyingi hadi watoto wa Misi Galuh wakaanza kumwamkia dirishani, "Helo, Bu", naye akawa anajibu kwa kukohoa.

CHANGAMOTO

Rasimu zilizotangulia zilitaja changamoto saba. Sita kati ya hizo unaziona ukigeuza shingo: madirisha yasiyo na vioo, ukungu unaoingia hadi ubao hausomeki, na mengineyo. Hii itaieleza ya saba, ambayo hakuna rasimu iliyoitaja.

Katika siku ya pili ya kuku, Bu Lasmiyati alipita dirishani na kuona kitu. Misi Galuh alikuwa amemvaa Blorok mkono wa kulia, maana ndio mkono wenye nguvu na kumchezesha kuku kunataka ustadi. Mkono uliobaki huru ulikuwa wa kushoto. Kwa mkono huo akawapungia watoto, "Helo." Na watoto, ambao kwa umri ule huiga hadi chafya, walinyanyua mikono yao ya kushoto wakampungia yeye.

Hakuna mtu hapa asiyejua mkono wa kushoto ni wa kazi gani. Hatumpi mtu kitu kwa mkono huo, hatuonyeshi njia kwa mkono huo, na hatumwamkii mtu kwa mkono huo, sembuse mzee. Misi Galuh anajua hayo kama sisi. Hakujiona tu, macho yake yalikuwa kwa kuku.

Bu Lasmiyati aliona. Ilihitajika sentensi moja ya maneno matano: hamishia kuku mkono wa kushoto. Alisimama pale dirishani sentensi ile ikiwa mdomoni. Kisha akaimeza, akarudi chumba cha walimu akamimina chai. Alijiambia si darasa lake. Alijiambia msichana amesoma chuo kikuu, ataliona mwenyewe. Ukweli ni kwamba alitaka lionwe na watu wengine. Alipita dirishani kila siku kwa wiki tatu na hakusema kitu.

Lilionwa siku ya sherehe ya kusafisha kijiji. Darasa la kwanza lilipangwa kando ya njia kuwapokea wazee wakitoka kuwaombea wahenga makaburini, watoto kumi na tisa wamevaa batiki, nywele zimepakwa mafuta. Misi Galuh aliwaambia wawape wazee salamu nzuri kuliko zote wanazozijua. Pak Modin alipowakaribia, watoto wote kumi na tisa walinyoosha mikono ya kushoto juu, wakapunga, wakasema "Helo" kwa sauti iliyosikika hadi sokoni.

Pak Modin alisimama. Msafara wote nyuma yake ukasimama. Bibi yake Wulan alijifunika uso kwa ukaya. Watoto, walipoona watu wamesimama, walidhani hawajasikika, wakarudia.

Kesho yake wazazi walijaa darasa la sita. Tunanukuu maneno machache kwa sababu yamo pia katika barua mliyoipata ofisini kwenu.

"Tumewaleta wajifunze adabu, wamerudi na mkono wa chooni," alisema mzazi mmoja.

"Wanangu watatu wamepita kwa Bu Lasmiyati," alisema mwingine. "Hakuna aliyenitia aibu."

Bu Lasmiyati alisikia maneno hayo yakimwingia matamu kama chai. Tunasema wazi, kwa kuwa leo tumeamua kusema wazi.

Misi Galuh alisimama mbele ya wazazi, viganja vimeunganishwa. "Kosa ni langu peke yangu," alisema. "Sikuona. Naomba radhi kwa Pak Modin na kwa nyote. Watoto hawana kosa, wao walinifuata mimi."

Pak Wagiman akatugeukia sisi walimu. "Kuna mwenzetu yeyote aliyeliona hili mapema?"

Sote tulinyamaza. Wanane walinyamaza kwa sababu hawakuona. Bu Lasmiyati alitazama glasi yake, ambamo kulikuwa na ua moja la asumini likielea, na akalitazama hadi swali likapita.

Barua ya malalamiko ikaandikwa kwa ofisi yenu. Michezo ikasimamishwa. Picha zikabanduliwa mlangoni, na Blorok akakabidhiwa kwa mwalimu mwandamizi amfungie kabatini. Mwalimu mwandamizi ni Bu Lasmiyati. Alimweka chini ya bendera za zamani akageuza ufunguo mara mbili.

Asubuhi iliyofuata watoto walifika langoni wakitembea. Mmoja baada ya mwingine waliupokea mkono wake na kuugusisha paji la uso, sawasawa, kama zamani. Alikuwa amepata alichokitaka. Lakini mtu aliyezoea kuisoma mikono kwa miaka thelathini na moja hawezi kujifanya hamnazo. Ilikuwa kama mikono ya watoto waliopigwa. Wulan alimpa paji la uso na hakutoa sauti, na hakuitoa kesho yake, wala wiki iliyofuata.

Siku ya kumi na moja, wakati wa mapumziko, Bu Lasmiyati alikuwa chumba cha walimu amelaza kichwa juu ya madaftari. Akasikia mnong'ono.

"Gud moning."

Hakujitikisa. Mnong'ono ukapanda kidogo, ukawa wa watu wawili, kisha watatu. "Gud moning." Alipofumbua macho, Wulan alikuwa amesimama mbele ya meza, na nyuma yake darasa zima la kwanza limejipanga hadi nje ya mlango.

"Mnafanya nini humu?"

"Tunakuamsha, Bu," alisema Wulan.

"Kwa nini mimi?"

"Blorok hayupo. Na wewe unalala."

"Mimi silali. Napumzisha macho."

"Haya. Lala tena basi, wengine hawajapata zamu."

Akalaza tena kichwa, hata leo hajui kwa nini. Walikuja mmoja mmoja. Kila mmoja alimwamsha kwa salamu ya Kiingereza, na alipoinua uso, kila mmoja aliunyoosha mkono wa kulia, akaupokea wake, akaugusisha paji la uso. Hakuna aliyewafundisha kuunganisha mambo hayo mawili. Ni wao waliounganisha, kwa sababu wa kuamshwa safari hii alikuwa yeye.

Alipoinua macho mara ya mwisho alimwona Misi Galuh mlangoni, amesimama nusu ndani nusu nje, amejibana asiwakatize. Hatutasema kwamba wivu uliisha hapo. Uliongezeka. Maana Bu Lasmiyati alielewa kwamba salamu nzuri kuliko zote alizowahi kupewa katika shule hii imetoka kwenye mchezo wa mwenzake.

Siku hiyo hiyo alifungua kabati, akampeleka kuku darasa la kwanza na kumweka mezani.

"Hamishia kuku mkono wa kushoto," alisema.

Misi Galuh alimtazama Blorok, akaitazama mikono yake miwili. Akamvaa kushoto, akapunga kulia, polepole. "Kumbe ni hivyo tu."

"Ni hivyo tu."

"Uliona lini, Bu?"

"Siku ya pili."

Msichana akakaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakamfika kifuani. Bu Lasmiyati alikuwa tayari kutukanwa, na alikuwa amekwisha kuandaa majibu.

"Wiki tatu," alisema Misi Galuh.

"Wiki tatu."

"Asante kwa kumrudisha, Bu."

Bu Lasmiyati alirudi darasa la pili na majibu yake yote. Tangu siku hiyo hakuna mtu mwingine aliyeambiwa jambo hili, si na yeye wala na Misi Galuh, ambaye angeweza kulisema mahali popote na hakulisema. Wenzetu wanalisikia leo hapa pamoja nawe. Tunawaona wanavyotazamana.

Pak Wagiman aliruhusu michezo irudi. Mlangoni sasa kuna picha ya tano, ya mkono na paji la uso. Bu Lasmiyati hupita kila Ijumaa kuangalia ni picha ipi imechakaa zaidi kwa kuguswa. Bado ni kipepeo.

Lakini barua haikurudi. Iko kwenye jalada la Misi Galuh ofisini kwenu. Septemba ilipotoka orodha ya walimu wa muda wanaopendekezwa kuajiriwa, jina la Galuh Pramesti halikuwamo, na tuliambiwa sababu ni barua ile. Shule moja ya binafsi huko Magelang inamtaka na imempa hadi mwisho wa mwezi huu ajibu. Leo ni tarehe ishirini na tano.

MAOMBI

Mgeni rasmi, tunaomba vioo vya madirisha ya madarasa matatu.

Tunaomba pia barua ile isomwe upya pamoja na karatasi iliyobanwa nyuma ya risala hii. Karatasi hiyo inasema nani aliliona kosa, siku gani, na kwa muda gani alinyamaza. Ina saini ya Bu Lasmiyati. Kama kuna jalada linalostahili karatasi chafu, basi ni lake, na kwa kuwa limebakiwa na miezi miwili litaibeba bila kuumia sana. Kwa Pak Modin, aliyeamkiwa vibaya mbele ya kijiji kwa sababu ya mdomo uliofungwa, tunaomba radhi hapa hapa.

Ili usichukue maneno yetu matupu, Blorok yuko ndani ya mkoba wa msomaji. Anatolewa sasa. Msomaji anamvaa mkono wa kushoto, ingawa vidole vyake si vyepesi na kuku anaonekana kama mgonjwa. Tunakuomba uwaamkie watoto kwenye mikeka kwa salamu yoyote ya Kiingereza, kisha utazame mkono watakaounyanyua. Tutanyamaza wakati unafanya hivyo.

Ombi linalofuata liliachwa katika rasimu zote tatu, na Pak Wagiman alilidai kila mara. Nafasi ya Bu Lasmiyati itakuwa wazi Februari. Tunaomba jina la Galuh Pramesti lirudishwe kwenye orodha, na nafasi hiyo apewe yeye. Mwandishi wa risala amejaribu kufikiria mtu mwingine wa kuijaza. Alijaribu kwa bidii na kwa muda mrefu, na alikuwa na kila sababu ya kumpata. Hakumpata.

La mwisho ni dogo na halihitaji barua. Bu Lasmiyati akistaafu anaomba aachiwe lango. Hatadai kiti wala mwavuli. Atakuja saa kumi na mbili na nusu, na kengele ikilia atakwenda zake nyumbani. Wanaotaka kipepeo watamkuta Misi Galuh mlangoni, ila kwanza watapita kwake.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, muda mfupi ujao utakabidhiwa kisu ukate mlima wa wali wa manjano, na kama ilivyo desturi yetu, ncha yake utampa yule anayestahili heshima kuliko wote hapa. Tumesikia kwenye meza ya chai kwamba baadhi ya wenzetu wamekwisha kukunong'oneza umpe Misi Galuh. Tunawafahamu kwa majina.

Tunaomba hivi. Darasa mpe Misi Galuh. Ajira mpe. Kuku ni wake, jua na mwezi ni vyake, na Wulan, tunasema hili kwa shida, ni wake. Ncha ya wali mpe Bu Lasmiyati. Kwa miaka thelathini na moja ameitazama ikipita mbele yake kwenda kwenye sahani za wengine, na leo ana njaa.

Mwenyezi Mungu akujalie afya, akuteremshe mlima salama kabla ukungu haujarudi, awabariki watoto wetu na mikono yao ya kulia, na awasamehe walimu wao. Wassalamu alaikum.

Ni sisi walimu tisa wa Shule ya Msingi Watulembu: wanane ambao hawakuona, na mmoja aliyeona.